Mgao wa maji umepungua, mbona karo la majitaka linajaa upesi?

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi linakuja na kijembe: "Zamani nilikuwa nawaita baada ya miaka miwili, siku hizi hata mwaka haukatiki. Au mnaninyonyea nusu?"

Hatunyonyi nusu. Jibu liko kwenye bomba.

Sisi ni watu wa majitaka. Tuna magari mawili, dogo la lita 5,000 na kubwa la lita 10,000, na tunanyonya makaro na vyoo vya shimo hapa Dar es Salaam. Lakini habari ya karo lako inaanzia mbali kidogo, Mto Ruvu.

Sehemu kubwa ya maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, inatoka kwenye mto huo mmoja. Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ni wa mwaka 1976. Yote miwili ilipanuliwa miaka ya 2010: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Maji yanavutwa mtoni, yanatiwa dawa ya kukusanya tope, yanatuama, yanachujwa kwenye mchanga, yanatiwa klorini, kisha yanasukumwa kuja mjini: ya Ruvu Juu hadi kwenye matenki ya Kimara, ya Ruvu Chini hadi matenki ya Chuo Kikuu Ardhi. Mto ukipungua, jiji zima linajua. Oktoba na Novemba 2022 tulirudi kwenye foleni za ndoo, na simu zetu nazo zikapungua ghafla. Watu wakioga kwa kata, karo halina haraka.

Maji yalipoongezeka, nyumba zilibadilika. Choo cha kumwagia kopo kikawa cha kuvuta, na flashi ya zamani inamwaga lita 9 au zaidi kila ukivuta. Likaja bafu la mvua, ikaja mashine ya kufulia. Karo likabaki lilelile, fundi alilichimba enzi maji yanaletwa kwa mkokoteni. Wahandisi huhesabu kwamba asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia nyumbani hutoka kama majitaka. Ankara yako ikisoma uniti 20, yaani lita 20,000, basi lita kama 16,000 zimeshuka chini mwezi huohuo. Mabomba ya majitaka yako katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga na maeneo mengine machache. Sisi wengine wote tunategemea ardhi inywe, na ardhi ya Dar wakati wa masika huwa imeshashiba.

Sasa nieleze kisa kimoja. Mama mmoja wa Tabata tulimnyonyea karo Jumatatu. Baada ya wiki tatu akapiga simu, sauti imepanda: "Mwanangu, mmenifanyia nini? Limejaa tena." Tukaenda bila kumtoza. Kijana wetu akafunua chemba iliyo karibu na choo, akatuambia tunyamaze. Saa nne asubuhi, watoto shuleni, bomba zote zimefungwa, lakini mle ndani maji yanatiririka, uzi mwembamba usiokatika. Tukaomba bluu ya kufulia, tukaitia kwenye tenki la flashi bila kuvuta. Hazikupita dakika kumi, bakuli la choo likawa bluu. Mpira wa flashi ulikuwa umekufa.

Piga hesabu na wewe. Uvujaji wa robo lita kwa dakika, ambao hata huusikii ukiwa sebuleni, ni lita 360 kwa siku. Kwa mwezi ni lita 10,800, zaidi ya gari letu kubwa. Mama alikuwa analipa maji hayo mara mbili: kwanza dirani yanapoingia, halafu kwetu yanapotoka. Kwa hiyo kabla hujatupigia, hakikisha simtanki limejaa, funga kila bomba, usitumie maji, kisha kaitazame dira. Kijigurudumu kikizunguka, tafuta fundi bomba kwanza. Tunajinyima biashara kwa kusema hivi, tunajua.

Kinachofuata wateja wengi hawakioni. Gari likitoka kwako halimwagi ovyo. Tunakwenda kwenye mabwawa ya majitaka yanayosimamiwa na mamlaka, mara nyingi Vingunguti, tunapanga foleni, tunalipia, tunamwaga. Hakuna mashine kubwa pale, na wateja wakiambiwa huwa hawaamini. Mzigo unapita bwawa hadi bwawa. La kwanza ni refu kwenda chini na halina hewa. Tope linakaa chini na vijidudu vinalila, ndiyo maana linatoa mapovu. La pili ni la kijani, kwa sababu ya mwani unaowapa vijidudu hewa. La mwisho lina kina kifupi, na kazi kubwa inafanywa na jua, ambalo linaua vimelea. Baada ya hapo maji yanaingia Mto Msimbazi, yanapita Jangwani, yanaishia baharini pale daraja la Salender.

Kwa kuwa kazi yote inafanywa na vijidudu, ukiwaua umeua mtambo. Oili chafu ya gereji, mafuta ya chipsi, galoni la jiki kwa mkupuo, vyote vinaanza kuharibu karo lako kabla havijafika Vingunguti. Na nepi na pedi, jamani, haziozi. Wiki iliyopita mpira wetu wa kunyonyea uliziba kwa kipande cha kitenge, na saa nzima tuliyopoteza kukitoa kwa ndoano haimo kwenye bei.

Kuhusu bei: ndiyo, yupo atakayekufanyia kwa nusu ya bei yetu. Muulize anakwenda kumwaga wapi. Akijibu "usijali", ujue ni mtaroni usiku, au kwenye shimo litakalofukiwa hapohapo nyuma ya nyumba. Kutapisha choo, yaani kuachia uchafu wake utoke na maji ya mvua, ni jambo la namna hiyohiyo, na kisima cha jirani ndicho kinachopokea. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia hapa Dar mwezi wa nane, na waliouguza wagonjwa hawajakisahau.

Bei yetu inapanda kwa mambo matatu: umbali hadi mabwawa, gari kushindwa kufika karibu hadi tuunganishe mipira, na tope kuwa zito. Karo ambalo halijaguswa miaka mingi linaacha tope gumu chini. Inabidi tumwagie maji, tukoroge, tunyonye tena. Ukipiga simu, tuambie ni karo au shimo, mara ya mwisho lilinyonywa lini, na lori linafika mita ngapi kutoka kwenye mfuniko. Mfuniko wenyewe ukiwa umepigwa tailizi juu, tuambie mapema, maana tindo na fundi wa kurudishia ni juu yako.