Barua kwa Hamisi kuhusu miche mitatu

Leipzig, 9 Novemba 2025

Sahibu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa binti yenu Zuhura huko Bremen, ambaye nasikia ameshaanza darasa la kwanza. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kubana na saa kumi na moja jioni giza limeshaingia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unataka kujua ufanyeje ili bangi yako ya kwanza izae sana, na unasema umeshanunua chupa tatu za mbolea. Hizo chupa ziweke pembeni kwanza. Nitakueleza yote niliyoyapata kwa kuhangaika mwenyewe, lakini lazima nianze na sheria, maana ndiyo inayopanga mavuno makubwa ni kiasi gani.

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anayeishi Ujerumani ameruhusiwa kuwa na miche mitatu kwa wakati mmoja nyumbani kwake, kwa matumizi yake mwenyewe. Iliyokauka isizidi gramu 50 ndani ya nyumba, na ukitoka nje usibebe zaidi ya 25. Sasa piga hesabu. Mche mmoja ukitunzwa vizuri chini ya taa unaweza kutoa gramu 50 peke yake. Ukivuna yote mitatu siku moja, umeshavuka mpaka hujui hata umevukaje. Na ziada huruhusiwi kumgawia mtu, hata bure, hata ndugu. Inabidi uiharibu. Kwa hiyo lile ombi lako la kukutumia kidogo ndani ya bahasha, naomba tulisahau, na usiliandike tena. Mimi napanda mmoja, nikiuvuna ndipo mwingine unakua. Inanitosha na kubaki.

Jingine ni Zuhura. Sheria inataka mimea na mavuno yake yawe mahali mtoto hafiki. Usitegemee kumwambia "usiguse". Chumba kile cha mwisho kina ufunguo, utumie. Na chupa ya mavuno iwe ndani ya kabati lenye kufuli, si juu ya friji.

Haya, shambani sasa. Kinacholeta mavuno ni mwanga, si mbolea. Nunua taa nzuri ya LED kabla ya kitu kingine chochote. Yangu ni ya wati 100. Kwa saa 18 inakula yuniti 1.8 kwa siku, na bili ya umeme utaiona, kwa hiyo mwambie shemeji mapema. Mche ukiwa mdogo na taa iko mbali, utarefuka kama uzi na kuanguka. Ukiisogeza karibu mno, majani ya juu yanajikunja pembeni na kupauka. Weka kiganja chako pale kilele kilipo kwa nusu dakika, mkono ukiona joto linauma, pandisha taa.

Saa 18 za mwanga ni za kukuza. Ukitaka itoe maua, unabadilisha kuwa 12 za mwanga na 12 za giza, na giza liwe giza kweli. Mimi nilikuwa nafungua usiku zipu ya hema ninalopandia humu ndani kwa tochi ya simu kuangalia inaendeleaje, kwa mapenzi tu. Mmea ukichanganyikiwa hivyo unaweza kutoa maua ya kiume juu ya jike, ukajichavusha, ukabaki na maua yaliyojaa mbegu. Acha kabisa. Na mbegu zako ziwe za kike tangu mwanzo. Dume likijitokeza ling'oe siku hiyohiyo.

Maji ndiyo yaliyoniulia mche wangu wa kwanza. Nilimwagilia kila asubuhi kama tulivyomwagilia mchicha nyuma ya nyumba kule Tanga, nikasahau kwamba kule jua na mchanga vinakunywa pamoja na mmea. Hapa ndani maji hayana pa kwenda. Majani yalilegea, mimi nikadhani kiu, nikaongeza. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka kama tope la mtaroni. Tangu hapo naunyanyua mtungi wa mche kwa mikono miwili: ukiwa mzito, naurudisha chini na kuondoka. Ukiwa mwepesi, namwagilia hadi maji yatoke matunduni chini, basi. Mbolea naanza nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ncha za majani zikiungua, nimezidisha.

Sasa lile ulilokuwa unalitafuta. Mche ukishatoa kama jozi tano za majani, shina lake bado laini, uliinamishe polepole upande mmoja, ulifunge kwa kamba ya nguo ukingoni mwa mtungi. Usilivunje. Baada ya siku chache matawi ya pembeni yananyanyuka yote kufuata taa, na badala ya kichwa kimoja kikubwa juu unapata vingi vilivyolingana. Hiyo kamba ya senti kadhaa imenipa zaidi ya mbolea zote.

Mwaka jana mwezi kama huu nilifunga dirisha kwa baridi, na feni nikaizima usiku kwa sababu ya kelele. Wiki mbili kabla ya kuvuna, nikagusa kichwa kinene kuliko vyote, kikafumbuka mkononi. Ndani kijivu, vumbi la kuvu. Nilikata nusu ya mche na kuitupa. Maua yakishanenepa, unyevu wa hewa usizidi asilimia 50 na feni isilale. Harufu nayo inahitaji chujio la mkaa, jirani zako wa ghorofa ya juu wasisumbuke.

Ukivuna, usikaushe kwa haraka juu ya hita. Tundika gizani, penye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20, kama siku kumi au zaidi, hadi vijiti vikikunjwa vilie "kah". Kisha ndani ya chupa ya kioo, uifungue kidogo kila siku wiki ya kwanza. Uzito utashuka kama robo tatu, usishtuke.

Na hili nalisema kwa uzito, Hamisi. Unaendesha gari la kazini: mpaka wa THC, yaani kile kilevi cha bangi, barabarani ni nanogramu 3.5 kwa mililita ya seramu ya damu, na kwa mtumiaji wa mara kwa mara haiishi upesi. Desemba ukienda Tanga, kagua begi na mifuko ya koti lako yote kabla ya kutoka nyumbani. Kule bangi ni jela, na ruhusa ya Ujerumani haivuki uwanja wa ndege.

Mwezi wa pili nitapita Bremen. Nina vipima unyevu viwili, kimoja nitakuletea. Kabla ya hapo nipigie picha ya mche kwa mchana, taa ikiwa imezimwa, nione rangi halisi ya majani.

Wako,
Shabani