Treni za mizigo tunaziona, stesheni ziko wapi?

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu treni za mizigo kati ya Nakuru na Kisumu imenitoa kimyani. Nimelisoma gazeti hili miaka na mikaka bila kuandika hata mstari, lakini mwandishi wenu aliposema reli imewarudishia wanavijiji uhai, nilijua hakushuka garini. Angeshuka popote kati ya Muhoroni na Kibos na kuuliza treni hiyo imetufaa nini, angejibiwa na asingependa jibu.

Sikatai kwamba reli ilikarabatiwa. Tuliwaona vijana wa NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakifyeka magugu, tukasikia mabilioni yakitajwa, kilomita 217 zikapitika tena, na Desemba 2021 tukaishangilia treni ya abiria ikirudi Kisumu. Reli ilirudi. Stesheni, wapi! Ya kwetu imebaki kuta. Mabati yamekwenda, dirisha la tikiti limezibwa kwa matofali, ghala la mizigo ni zizi la mbuzi wa mtu ambaye hata hatumjui vizuri. Pale ulipokuwa mzani wa magunia pana shimo la mraba lililojaa maji na viluwiluwi. Mzani wenyewe ulikwenda na vyuma chakavu, na kila mtu hapa anajua ulipita njia gani.

Wakoloni, pamoja na maovu yao yote, hawakutapanya stesheni kama mbegu za mtama. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, injini za mvuke zilihitaji maji njiani, na kwa kuwa njia ni moja, treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni kuipisha nyingine. Ndiyo maana kuna Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani. Baadaye wakulima wa kahawa na miwa wakajipanga kuzizunguka. Injini za dizeli hazitaki maji, sawa, lakini sisi bado tuna mizigo. Reli ikakodishwa mwaka 2006, mkataba ukavunjwa 2017, na katika hekaheka hiyo hakuna aliyeulizwa funguo za stesheni amemwachia nani.

Sasa nikueleze yaliyonipata msimu uliopita. Miwa yangu ilikatwa jana yake, ikapakiwa asubuhi, trekta ikashika njia ya kiwandani. Kufika kwenye kivuko cha reli tukaikuta treni ya mizigo imesimama, imeziba njia kama ng'ombe aliyelala mlangoni. Matangi, makontena, matangi tena. Injini iko mbele huko kwenye kona, haionekani. Dereva wangu akazima trekta kuokoa dizeli. Jua la Kano mnalijua. Watoto wa shule wakaanza kutambaa chini ya mabehewa, mabegi yakikwaruza chuma, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na sauti ya kuwazuia kwa sababu watu wazima nao walikuwa wakipita hapo hapo. Mama mmoja mwenye beseni la omena alilipenyeza kwanza juu ya vile vyuma vinavyounganisha behewa na behewa, kisha akapanda yeye, leso ikanasa, akaichana bila kugeuka. Akanipigia kelele kutoka upande wa pili: "Mzee, wewe mwenye miwa ngoja tu, hii haina mwenyewe!" Nikamtafuta mwenyewe. Nilimpata kijana mwenye jaketi la kumetameta akitembea kando ya mabehewa na simu sikioni. Akaniambia kwa heshima, namshukuru kwa hilo, kwamba hata yeye anangoja ruhusa. Ruhusa kutoka wapi? Akanyoosha kidole upande wa Nairobi! Zamani stesheni masta angetoka ofisini na bendera yake na mambo yangeisha hapo hapo. Miwa ikishakatwa haijui habari ya ruhusa; inakauka, inapungua uzito, inapungua na sukari. Tulipofika kiwandani foleni ilikuwa imeshapita lango, tukalala nje, na kesho yake mzani ukanisomea hasara. Treni yenyewe ilikuwa ikienda bandarini, mabehewa yapandishwe melini yavuke ziwa hadi Port Bell. Mzigo wa Uganda unafika. Wangu wa kilomita chache ukanyauka.

Na kwa kuwa kila kitu sasa kinapita barabarani, mtazameni mtu anayesafiri usiku barabara ya Mamboleo, Miwani hadi Chemelil. Trela za miwa hazina taa nyuma, hazina hata kipande cha kioo cha kumetameta, nyingine zinaharibikia katikati ya njia na alama ya hatari ni tawi la mti. Boda boda wanazivamia gizani. Hilo nalo liandikeni, maana wenye trela wengine ni watu wakubwa na sisi hatuwezi kuwaambia.

Nina pendekezo. Kila Jumatano na Jumamosi treni ya mizigo ifungiwe behewa moja nyuma, lisimame kwenye vituo hivyo sita nilivyovitaja, dakika kumi na tano kila kimoja, tupakie ndizi, nyanya na kahawa. Aletwe mtu mmoja mwenye bendera, daftari la risiti na mzani unaosema kweli. Benchi tutajitengenezea, fundi yupo. Na dereva akitaka kusimama, asimame kabla ya kivuko. Kama hayo yanawashinda wakubwa, basi watume lori lije lichukue kile kibao cha jina la stesheni kilichobaki, wakakiweke kwenye Makumbusho ya Reli pale Nairobi, mradi wafanye haraka, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu wameshakimezea mate.

Mkulima wa miwa,
Muhoroni