Barua kwa Mama Neema: naomba uniazime shemeji

Magugu, Ijumaa usiku

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi. Bibi mfikishie shikamoo yangu, na watoto wote nawasalimia. Sisi wazima, ni vumbi tu na mafua ya msimu. Kimya changu tangu msiba wa kwa Mzee Boay tutakizungumza tukionana. Najua utasema, Mama Yohana huyo, akikukumbuka ujue ana shida. Sema tu, shida ninayo: naomba uniazime shemeji, huyo mumeo fundi. Siku moja tu, nauli na chakula juu yangu, na nitamrudisha bila kupungua spea hata moja.

Ni habari ya trekta. Usicheke kwanza.

Nimepata Massey Ferguson 135 huko Karatu, lile dogo la silinda tatu. Kijana anayeliuza anataka milioni 11, mimi nina 8 na ahadi za kikoba. Kwa sura halina lolote: boneti imebabuka, kiti kimefungwa gunia, taa ya kushoto wamehamia nyigu. Kijana ananiapia ni la 1985. Nikamwambia mwanangu, haya Coventry kule Uingereza waliyatengeneza kuanzia 1964 mpaka katikati ya miaka ya sabini, hilo la 1985 limetokea wapi? Akacheka. Kibati cha namba kimeng'olewa, yamebaki matundu.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Kila nikifika nalikuta limeshawashwa. Kila nikifika! Nikagusa bloku ya injini, nikautoa mkono mbio. Eti analipasha ili mama asisubiri. Nani kakwambia sitaki kusubiri? Dizeli inawaka kwa mgandamizo, ringi za pistoni zikiisha ni baridi ndiyo inayosema ukweli, na baridi ya Karatu mwezi huu unaijua. Nataka tufike alfajiri bila kupiga simu, shemeji aweke kiganja chake kwenye injini iliyolala baridi kabisa, ndipo kijana apige stata. Moshi ukitoka tuuangalie rangi. Likihitaji kusukumwa, tunaaga tunaenda kunywa chai.

Kwa nini lile la zamani hivyo? Baba Yohana naye ananiuliza kila siku. Yeye anataka guta la mizigo. Mzee Safari anasema ningoje Massey 165, linavuta jembe la diski tatu. Sikatai, lakini bei yake unaisikia. Kwa heka zangu kumi na mbili diski mbili zinatosha, tena injini ya Perkins ya hili 135 ni ileile iliyokuja kuwekwa kwenye Massey 240, spea za Pakistani na India hazikosekani. Msimu uliopita lile la kukodi lilinifikia mvua imeshalowesha shamba. Mwenyewe alilima kwanza kwake, kisha kwa wenye fedha taslimu, kisha kwa wakwe zake. Nilipanda wenzangu wanapalilia. Na heka ni 60,000, hapo bado haro ya kuvunja mabonge. Mbaazi zenyewe tangu India walipobana kuziingiza kwao ile 2017 siziamini tena, nitalipa kwa nini?

Marehemu baba aliendesha haya kwenye kahawa ya Oldeani, ndiyo maana nayajua kidogo. Nilimwambia kijana anyanyue jembe, azime injini, tusimame. Hatujamaliza kusalimiana na jirani aliyekuwa anapita, diski ziko chini. Akasema haidroliki za zamani ndivyo zilivyo. Kweli zote hushuka, lakini si kwa haraka ile. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, maana kwenye 135 oili ya gia ndiyo hiyohiyo ya haidroliki, na pampu imo humohumo ndani. Imekuwa chai ya maziwa. Maji yameingia. Pengine ni mvua tu, mpira wa gia umepasuka, ukimwaga oili na kuweka mpya yameisha. Pengine pampu nayo... hapo ndipo ninapomhitaji shemeji.

Klachi nayo aikanyage. Ile ya hatua mbili: nusu magurudumu yasimame, ukikanyaga mpaka chini shafti ya nyuma nayo isimame. Bila shafti hiyo sina mashine ya kupukuchulia, na kupukuchua ndiko nilikotegemea kurudisha fedha za watu. Tairi za nyuma zina nyufa zinazoingia ukucha, hizo nitazipunguzia kwenye bei.

Kadi ya trekta sasa. Iko kwa jina la baba yake kijana, naye ni marehemu. Watoto ni watano, huyu ni wa tatu. Nikamuuliza msimamizi wa mirathi ni nani, akaanza kunieleza habari za betri. Sitoi hata shilingi mpaka nione karatasi ya mahakama na wale wanne wengine waseme kwa midomo yao. Trekta bovu linatengenezwa, ndugu wa marehemu wakija shambani kwangu na mgambo nitamwita fundi gani?

Halafu narudi palepale: ukiwa huna la kuficha, unalipasha moto la nini?

Sasa nijibu. Shemeji ana nafasi Jumamosi ijayo, au bado yuko kwenye lile lori? Akifungua injini ya hivyo na kubadilisha ringi, gasketi na silivu, kwa bei ya Arusha leo inafika ngapi? Milioni 3 nilizopungukiwa niziombe kwenye bei au nizitafute? Unamkumbuka Mama Paulina, yule mwanawe wa mahakamani bado yuko Karatu? Na Neema kapata shule gani? Mwambie baba yake aje na koti zito, tunatoka saa tisa usiku.

Wako,
Mama Yohana