Tuelezeni kilichomo chunguni kabla hatujaagiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nirekebishe makala moja iliyotoka katika ukurasa wenu wa safari, ile iliyowahimiza wasomaji wanaofika Brussels na Paris wasiondoke bila kula chakula cha jioni katika braseri ya zamani, yaani mkahawa wa bia na chakula, yenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliovaa vizibao vyeusi. Mwandishi ameipenda kazi yake, na aliyoyasema kuhusu vioo virefu, mbao zilizong'arishwa, viti vya ngozi na taa za mviringo ni kweli tupu. Ninacholalamikia ni kwamba alisifu vyakula karibu kumi, kimoja baada ya kingine, na hakusema hata mara moja ndani yake mnatiwa nini. Gazeti hili linasomwa Tanga, Mombasa, Unguja, Musoma na Kisii. Wengi wa wasomaji wake ni Waislamu, Wasabato na Walokole, na kwao swali la kilichomo chunguni hutangulia swali la utamu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 14 kuishi Brussels. Braseri hizi nazipenda kwa dhati, na ningefurahi kuwaona watu wetu wamekaa humo bila wasiwasi.

Jina lenyewe, braseri, lilipaswa kuelezwa tangu mwanzo. Kwa Kifaransa neno hilo maana yake ni kiwanda cha kupikia bia. Nyingi kati ya braseri mashuhuri za Paris zilianzishwa na watu wa Alsace, jimbo la mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani: Bofinger, karibu na uwanja wa Bastille, ilifunguliwa mwaka 1864, na Lipp, katika barabara ya Saint-Germain, ilifunguliwa mwaka 1880, miaka michache baada ya Ufaransa kushindwa vita na kupokonywa jimbo hilo. Watu hao walikuja na bia yao, na kabichi yao iliyochachushwa, na soseji na minofu ya nguruwe inayopangwa juu ya kabichi hiyo, na sahani hiyo ndiyo inayoagizwa humo mpaka leo. Hapa Brussels, ambako Chez Léon imekuwapo tangu mwaka 1893 na Aux Armes de Bruxelles tangu mwaka 1921, zote mbili katika Mtaa wa Wauza Nyama, bia ina heshima ya pekee, kiasi kwamba mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Basi mgeni aelewe kwamba katika nyumba hizi kileo kimo katika bilauri na kimo pia katika sufuria. Wapo ndugu zetu ambao hawataketi kabisa mahali kinaponywewa kileo, na msimamo wao nauheshimu. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya wale watakaoketi.

Mjomba wangu alipokuja kunitembelea mwezi wa Novemba alikuja na ukurasa wenu, ameukata kwa mkasi na kuukunja mara nne ndani ya pasipoti yake. Jioni ya pili nilimpeleka katika braseri moja ya katikati ya mji. Aliingia kwa utulivu, kofia kichwani, akasalimia kulia na kushoto kama mtu anayefika barazani, akaketi. Wakati mimi natundika makoti, yeye alikwisha kuufungua ukurasa wake juu ya kitambaa cheupe na kuweka kidole kwenye sentensi inayosema kwamba nyama ya ng'ombe ya Kiflemi hupikwa polepole mpaka inakatika kwa kijiko. Kidole cha pili kilikuwa kwenye orodha ya vyakula, mahali palipoandikwa carbonnade, na mhudumu alikuwa amesimama mbele yake na kalamu mkononi.

Mhudumu yule alikuwa mtu mzima, mwenye aproni nyeupe iliyofika karibu na vifundo vya miguu. Hakuandika kitu. Alinisubiri nifike, akainama kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee anafahamu kuwa chakula kile hupikwa kwa bia. Nilipomtafsiria, mjomba aliondoa kidole, akaukunja ukurasa wenu taratibu kwa mikunjo ileile, akauliza, "Mbona wao hawakuandika, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana swali lake nalileta kwenu, Ndugu Mhariri.

Carbonnade, ambayo Waflemi, yaani Wabelgiji wasemao Kiholanzi, huiita stoofvlees, huanza kwa namna ambayo kila mpishi wa pilau wa pwani ataitambua. Vitunguu vingi hukaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, nyama hutiwa ikabadilika rangi, kisha majani ya bay na majani ya thaim. Baada ya hapo, mahali ambapo sisi tungetia maji au supu, wao humimina bia nyeusi mpaka nyama ifunikwe, na juu yake huweka kipande cha mkate kilichopakwa haradali ambacho huyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Bila bia chakula hicho hakipo. Si kiungo ambacho mpishi anaweza kukipunguza kwa ajili ya mteja mmoja, kwa kuwa sufuria imekuwa motoni tangu asubuhi.

Kila nikilieleza jambo hili, hakosi mtu wa kuniambia kwamba kileo huruka chote motoni. Hiyo si kweli. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambavyo wapishi wengi wanavitumia, vinaonyesha kwamba chakula kilichotokoswa kwa dakika 15 hubaki na takriban asilimia 40 ya kileo kilichotiwa, na hata baada ya saa 2 na nusu hubaki takriban asilimia 5. Masheikh na wachungaji watatuongoza juu ya hukumu, na mimi siingilii kazi yao, lakini wanahitaji kupewa habari sahihi kabla ya kuulizwa.

Habari hiyo ina uzito zaidi kwa kome, chakula ambacho makala yenu ilikisifu kuliko vyote. Kome huletwa mezani katika sufuria nyeusi yenye kifuniko, karibu kilo moja kwa mtu mmoja. Mlaji huchukua gamba tupu la kome wa kwanza na kulitumia kama koleo ya kuchomolea nyama ya wale wengine, na makombe huyarundika kwenye kifuniko kilichogeuzwa. Ni ulaji wa raha, wa mikono, wa mazungumzo. Lakini kome wanaoitwa marinière hupikwa kwa divai nyeupe, na kwa kuwa hufunguka baada ya dakika chache tu za moto mkali, divai ile haipati muda wa kwenda popote. Imo chini ya sufuria, katika mchuzi ambao mlaji huchovya mkate. Ipo aina nyingine iitwayo nature, yaani kome waliopikwa kwa kitunguu, seleri na maji yao wenyewe, na nyumba nyingi huipika bila divai. Hata hiyo ni lazima kuuliza, maana kila jikoni lina mkono wake. Mstari mmoja juu ya tofauti ya maneno hayo mawili ungemfaa msomaji kuliko aya nzima juu ya vioo.

Chipsi nazo zina jambo lake. Wabelgiji huzikaanga mara mbili, mara ya kwanza kwa moto wa wastani na mara ya pili kwa moto mkali, na kwa desturi ya zamani hutumia mafuta ya ng'ombe. Baadhi ya nyumba sasa hutumia mafuta ya mimea. Anayechunga uchinjaji ana haki ya kujua ni yapi. Kuhusu nguruwe, msomaji akariri maneno machache ya Kifaransa: porc, jambon, lard, lardons. Hilo la mwisho ndilo linalowapata wengi, kwa kuwa ni vipande vidogo vya nguruwe vinavyonyunyizwa juu ya saladi ambayo jina lake halionyeshi nyama yoyote.

Huenda mtu akadhani kwamba sheria za Ulaya zinamlinda. Tangu Desemba 2014 kila mkahawa katika Umoja wa Ulaya unatakiwa kumjulisha mteja vitu 14 vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio, vikiwemo maziwa, mayai, samaki, karanga, haradali na wanyama wa baharini wenye magamba. Ni sheria njema. Nguruwe hamo katika hivyo 14, wala kileo. Kimo salfaiti, kemikali ya kuhifadhia, ambacho hupatikana katika divai, kwa hiyo nikikiona kimetajwa kando ya mchuzi mimi huuliza zaidi. Lakini hiyo ni njia ya kubahatisha, na mtu aliyetoka Pangani kwa wiki moja hawezi kuijua. Linalobaki ni kuuliza kwa mdomo.

Na kuuliza si aibu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wetu wakinyamaza mbele ya kitambaa cheupe, wakaagiza wasichokijua kwa kuogopa kuonekana washamba. Katika nyumba hizi uhudumu ni kazi ya ufundi. Wapo wanaoifanya kwa maisha yao yote, na kujua kilichomo katika kila sahani ni sehemu ya ufundi huo. Nakiri kwamba si wote. Katika nyumba nyingine, ambayo sitaitaja, niliwahi kuambiwa kwamba mchuzi wa samaki hauna divai, nikala nusu ya sahani, ndipo mhudumu wa pili akaja kunisifia divai waliyoupikia. Nililipa nikaondoka, na uchungu wake sijausahau. Tangu siku ile mimi hupiga simu saa za mchana, kabla jikoni hakujachangamka, nikaeleza mapema tusichokula.

Yule mzee aliyetuhudumia mimi na mjomba alifanya zaidi ya wajibu wake. Alirudi jikoni akakaa dakika kadhaa, kisha akatoka na kijana wa jikoni, Mkongomani wa Bukavu, mikono bado ina unga. Kijana alimsalimia mjomba kwa Kiswahili, kwa heshima zote, akamwambia, "Mzee, kwa huyu samaki hamuna pombe, ni siagi na ndimu tu." Alikuwa ni gayogayo, samaki bapa wa Bahari ya Kaskazini, aliyepakwa unga na kukaangwa kwa siagi. Aliletwa mzima katika sahani ya fedha. Mhudumu alisimama kwenye kimeza cha pembeni, akapitisha kijiko katikati ya mgongo, akafungua minofu miwili kushoto na kulia, akaunyanyua mwiba wote kwa mara moja, kutoka kichwani hadi mkiani, bila kuacha hata mmoja, kisha akairudisha minofu mahali pake na kuimwagia siagi ya moto. Mjomba, ambaye amevua na kuuza samaki kwa zaidi ya miaka 40, aliweka uma chini ili amtazame vizuri.

Kwa hiyo vipo vya kula, na ni vizuri kweli. Yupo gayogayo huyo, yupo taa kwa siagi iliyokaushwa rangi ya kahawia, wapo chaza wabichi kwa ndimu, na kuna mikate midogo ya kukaanga iliyojazwa kamba wadogo wa kijivu, ambao kule Oostduinkerke, pwani ya Ubelgiji, bado kuna wavuvi wanaowavua ufukweni kwa farasi wanaokokota wavu majini. (Niliwatazama siku moja nikawakumbuka wanawake wetu wanavyotanda uduvi maji yakipwa.) Msabato atawaacha taa, chaza, kome na kamba, lakini gayogayo ana mapezi na magamba, naye atamfaa. Baada ya hapo ipo aiskrimu ya vanila yenye chokoleti ya moto, wanayoiita dame blanche. Chapati nyembamba zinazowashwa moto mezani ziachwe, kwa kuwa kinachowaka pale ni pombe.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba kila mnapochapisha jina la chakula cha ugenini muongeze maneno matano au sita: kimepikwa kwa maji, kwa bia au kwa divai, kwa mafuta gani, kina nyama gani. Na kwa makala hii naomba masahihisho yatoke upesi, katika ukurasa uleule. Mjomba amenipigia simu juzi kuniarifu kwamba ule ukurasa aliouhifadhi amemwazima jirani yake, ambaye binti yake anasoma Liège na anamtembelea mwezi ujao, na kwamba amejaribu kumweleza kwa mdomo habari ya bia na kome lakini hana hakika kama ameyashika majina yote.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Brussels, Ubelgiji