Gati tunalo, shehena ya kuja nayo meli iko wapi?

Mhariri,

Kila msimu wa korosho unapokaribia, hapa Mtwara huanza maneno yale yale: gati jipya la meta 300 limekamilika, kina cha maji kipo, basi meli za makontena zitakuja zenyewe. Nayasikia sokoni, redioni, hata kwa viongozi wetu wa vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Naomba nafasi nipinge, na nitapinga kwa mfano wa Kuba, nchi ambayo habari za bandari zake nimekuwa nikizifuatilia tangu nilipokuwa karani wa kuhesabu shehena.

Kuba wana bandari ya Mariel, kilomita kama 45 magharibi ya Havana. Ilizinduliwa Januari 27, 2014 na Rais Raúl Castro akiwa pamoja na Rais Dilma Rousseff wa Brazili, kwa kuwa Brazili ndiyo iliyotoa mkopo mkubwa wa ujenzi. Gati la makontena lina meta 700, kreni ni za kisasa, na uendeshaji walipewa kampuni ya bandari ya PSA ya Singapore, watu wanaoijua kazi hii. Bandari ya zamani ya Havana ilikuwa imebanwa, maana chini ya mlango wake limepita handaki la magari lililofunguliwa mwaka 1958, na meli inayozama sana majini haiwezi kupita juu yake. Mariel haina kikwazo hicho. Ilijengwa ihudumie zaidi ya makontena 800,000 ya futi 20 kwa mwaka, kwa matumaini kwamba Mfereji wa Panama ukishapanuliwa, meli kubwa zitashusha hapo mizigo ya ukanda mzima wa Karibi.

Mfereji ulipanuliwa na kufunguliwa Juni 2016. Mwaka mmoja kabla yake, Kuba na Marekani walikuwa wamefungua tena balozi zao. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1992 haikuguswa: meli ikienda Kuba kwa biashara, hairuhusiwi kupakia wala kupakua katika bandari ya Marekani kwa siku 180. Aliyefanya kazi gatini anaujua uzito wa jambo hilo. Meli ya makontena haifungi safari kwenda mahali pamoja na kurudi. Inazunguka kwa ratiba, leo bandari hii, keshokutwa ile, na kila saa ina gharama yake. Kampuni gani itaiondoa meli yake kwenye soko la Marekani nusu mwaka kwa ajili ya makontena machache ya Mariel? Kuba ikabaki na meli ndogo za kuunganisha, zinazobeba makontena kutoka bandari kubwa za jirani, na kampuni zisizotegemea Marekani. Kuku waliogandishwa huja kutoka Florida, Marekani, kwa kibali, chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu chakula kuuzwa Kuba, ila Mkuba lazima alipe fedha taslimu kabla mzigo haujashushwa.

Kuna jambo la pili, na ndilo linalonikosesha usingizi. Zamani Kuba waliuza sukari Umoja wa Kisovieti, wakaletewa mafuta, na shirika lao la meli, Mambisa, lilivuka Atlantiki na mizigo ya kwenda na ya kurudi. Umoja ule ulipovunjika mwaka 1991, soko lile likafa. Mwaka 1990 walizalisha zaidi ya tani milioni 8 za sukari. Miaka ya karibuni hawafiki hata nusu milioni. Leo kontena linashuka Mariel limejaa chakula na vipuri, linaondoka tupu. Fedha za kigeni zikipungua, hata hicho cha kushusha kinapungua. Mwaka 2018 walishindwa kuendelea kulipa mkopo wa Brazili. Kreni zipo, kina kipo, shehena ndiyo haipo.

Sisi Mtwara ni kinyume chao. Kwetu kontena linatoka limejaa na kuingia tupu. Korosho ghafi hutaka kontena kavu lisilo na tundu, kuta zivikwe karatasi, zitundikwe dawa za kunyonya unyevu, kwa sababu korosho hutoa jasho safarini na mnunuzi wa India au Vietnam hapokei iliyoota ukungu. Makontena hayo hayapo Mtwara. Lazima yasafirishwe matupu, na mnunuzi anapopiga hesabu zake kabla ya mnada wa korosho, gharama hiyo anaikata kwenye bei. Anayeilipa ni mkulima wa Tandahimba na Newala, ambaye kontena lenyewe hajawahi kuliona.

Wakati huohuo vigae, mafuta ya kula, mitumba na vipuri vya pikipiki vinavyouzwa Masasi, Nachingwea na Lindi vinashushwa Dar es Salaam, kisha vinapandishwa malori kuja kusini kwa barabara. Tunaleta meli na makontena matupu, huku bidhaa ambazo zingeyajaza zinatupita juu ya lami! Hili linaniuma sana.

Mtwara tulishajengewa gati ambalo shehena yake haikuja. Waingereza waliijenga bandari hii kwa ajili ya mpango wao mkubwa wa kulima karanga wa mwaka 1947. Mpango ukafa 1951, gati likakamilika 1954, na reli ya Nachingwea ikang'olewa baada ya 1962. Miaka ile walikosa karanga, si kina cha maji.

Agizo la serikali kwamba korosho za kusini zisafirishwe nje kupitia bandari ya Mtwara naliunga mkono kwa moyo wote. Ila lisibadilike mwaka hadi mwaka, mara zipite hapa, mara ziruhusiwe kwenda Dar kwa malori. Mwenye meli hupanga ratiba yake miezi kabla. Agizo litangazwe Juni, wala lisisubiri Oktoba korosho zikiwa zimeshajaa maghalani. Wafanyabiashara wa mikoa yetu wapewe nafuu ya tozo kwa kontena la bidhaa litakaloshushwa Mtwara, hata kwa miaka michache ya mwanzo, na taratibu za forodha zimalizikie hapa hapa. Kaskazini mwa Msumbiji kuko ng'ambo ya Daraja la Umoja, lililovuka Mto Ruvuma mpakani. Nako wanahitaji saruji, unga na mabati. Wakala wa meli, vyama vya ushirika na wanunuzi wakae meza moja kabla ya mnada wa kwanza, waeleze ni makontena mangapi yatahitajika na yatakuja na nini ndani.

Karani mstaafu wa shehena,
Shangani, Mtwara