Mpwa wangu, kibanda kisubiri kidogo

Mpwa wangu,

Mama yako kanieleza kwamba umepata kona ya kibanda pale sokoni Mtwara, utengeneze redio na televisheni, na kwamba habari za chuo umeziweka kando. Mikono yako ni myepesi, hilo nalijua tangu ukiwa mdogo. Ila mjomba wako amesomea elektroniki, na nataka ujue alichokikuta huko kabla hujaamua.

Fundi wa kubahatisha akiletewa redio iliyokufa, hubadilisha kifaa kimoja akajaribu, akabadilisha kingine akajaribu, mpaka iwake au bodi iungue. Chuoni tulikatazwa kushika pasi ya kulehemu kabla ya kupima. Unaanza na fyuzi, unakuja kwenye dayodi inayopitisha umeme upande mmoja tu, unafika kwenye kapasita inayotunza chaji, kila hatua unaandika volti ulizozikuta. Zinapopotea, hapo ndipo pa kushughulikia. Mteja analipia kifaa kimoja, na anarudi na jirani yake.

Chukua upande wa umeme wa televisheni. Ukutani unatoka volti 230, lakini ukishapita kwenye dayodi na kuijaza kapasita kubwa, zinafika karibu volti 325. Ukichomoa waya, kapasita ile inaweza kubaki na chaji, na anayeingiza vidole akidhani umeme umekatika anarushwa vibaya. Nilifundishwa kuipima kwanza, kisha kuimaliza chaji taratibu kwa resista, kile kifaa kinachozuia umeme usipite kwa wingi, na kupima tena. Wengi huigusisha bisibisi tu. Inatoa cheche kali na inaweza kuharibu vifaa vingine. Mpwa wangu, hata kama chuo kingenifundisha hili peke yake, bado ningekuomba uende.

Hesabu zisikutishe. Unataka kuwasha taa ndogo nyekundu ya LED kwa betri ya sola ya volti 12. Taa inachukua kama volti 2, zinabaki 10. Ukitaka ipite miliampea 10, yaani ampea 0.01, gawanya 10 kwa 0.01: omu 1,000. Unatafuta resista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, maana rangi hizo ndizo zinazosomeka omu 1,000. Basi.

Na huku kwetu pwani kuna chumvi. Fungua redio iliyokaa miaka Mikindani, utakuta ukijani kwenye miguu ya vifaa: unyevu wenye chumvi umeila shaba. Redio za namna hiyo hutupwa bure. Nyingi zinapona ukisugua kwa brashi laini na spiriti, ukaikausha vizuri, ukalehemu upya viungo vilivyolegea.

Nimesikia pia unaona haya kwa matokeo yako ya kidato cha nne. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975, kwa mfano uliotoka Sweden, kwa ajili ya watu ambao shule za kawaida hazikuwafikisha mbali. Kipo cha Mtawanya, kipo cha Masasi, na Lindi kipo Chilala. Kozi hazifanani, kwa hiyo fika mwenyewe uulize kama wana elektroniki, na uombe kuiona karakana yao: kama meza hazina mita za kupimia umeme, uliza wanafunzi wanapimia nini. VETA nako, kwenye vyuo vya ufundi stadi, ulizia.

Huyo mwenye kibanda mwombe akuruhusu kuja wakati wa likizo. Ada nitakaa na mama yako tuipange korosho zikishauzwa. Wewe niletee fomu.

Mjomba wako