Kemo na mionzi kwa pamoja si sumu maradufu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba kumpa mgonjwa wa saratani kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mionzi kwa wakati mmoja ni kumwongezea sumu juu ya sumu, na kwamba ndugu wadai kimoja kiishe ndipo kingine kianze. Kuuliza ni haki yao, tena waulize sana. Ila mimi ndiye ninayewalaza wagonjwa hao chini ya mashine, na hesabu yake siikubali.

Kemo inayokwenda sambamba na mionzi mara nyingi ina kazi yake maalumu. Mwenye saratani ya shingo ya kizazi, kwa mfano, hupewa dawa ya kemo iitwayo sisiplatini mara moja kwa wiki, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, huku mionzi ikiendelea Jumatatu hadi Ijumaa. Mionzi hukata vinasaba vya seli ya saratani. Seli hiyo inapotaka kujikarabati, dawa huizuia. Ukivitenganisha, msaada huo unaupoteza. Februari 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwahimiza madaktari waunganishe tiba hizi kwa saratani hiyo, baada ya tafiti tano kuonyesha kuwa vifo vinapungua.

Tena kuna wakati kuunganisha ndiko kunakookoa kiungo. Miaka ya 1970 huko Detroit, mpasuaji Norman Nigro aliwapa wagonjwa wa saratani ya njia ya haja kubwa dawa mbili pamoja na mionzi ya kiasi, akitaka kuurahisishia upasuaji njia. Alipopasua, uvimbe hakuukuta. Leo wengi wenye saratani hiyo hawakatwi, wala hawaishi na mfuko wa choo tumboni.

Simkatalii jambo moja: seli zenye afya nazo huumia. Ndiyo maana dozi ya nyonga, grei (kipimo cha mionzi) 45 hadi 50, hugawanywa katika awamu kama 25, ili seli hizo zipate muda wa kujikarabati, kazi ambayo huiweza kuliko seli za saratani. Kinga nyingine anayo mgonjwa mwenyewe, nayo ni kibofu kilichojaa. Tukimwambia mama anywe maji na asikojoe mpaka amalize, wapo wanaoona tunawatesa. Kumbe kibofu kikijaa huusukuma utumbo mdogo juu, nje ya njia ya miale. Asiyeelezwa sababu hupenya chooni muda mfupi kabla hajaitwa (foleni ikiwa ndefu, simlaumu), na utumbo unashuka palepale tunapolenga.

Sisiplatini nayo hutaka maji, kwa ajili ya figo. Zile dripu na vipimo vya damu vya mara kwa mara si mapambo. Figo zikianza kulegea, daktari anaweza kuisimamisha dawa na mionzi ikaendelea.

Kinachonikera zaidi ni siku zinazorukwa. Mtu anapata kichefuchefu, anabaki nyumbani, ndugu wanasema apumzike kwanza. Seli za saratani zilizosalia hutumia nafasi hiyo kuzaliana. Kwa shingo ya kizazi tunataka tiba yote ya mionzi, pamoja na ile inayotolewa kutoka ndani ya mwili, iishe katika wiki 8. Dawa za kuzuia kutapika zipo, tuambieni.

Msomaji wetu angeandika kwamba si kila dawa inafaa kuchanganywa, ningemuunga mkono. Jemsitabini, dawa nyingine ya kemo, ya dozi kamili, ikitolewa pamoja na mionzi ya kifua, imewahi kuwaharibu wagonjwa mapafu vibaya. Na mwenye figo dhaifu huenda akafaa mionzi pekee. Basi badala ya kudai kimoja kisubiri, ndugu wamuulize daktari ni dawa gani, kwa dozi ipi, na ni kiungo gani chenye afya kilicho kwenye njia ya miale. Nasi wa chumba cha mionzi, tukishasema "kunywa maji", tumalizie na sababu yake.

Mtoa tiba ya mionzi